Huu Mkono wa Nani?

Kwa karibu miaka miwili rafiki yangu mmoja alikuwa akija dukani kwetu kununua rangi, na siku zote hizo sikumuuliza anaipaka wapi.

Duka lenyewe ni la vifaa vya ujenzi, Gerezani, Dar es Salaam. Kazi yangu ni kushika vitabu vya hesabu, na vijana wa kaunta wakizidiwa nasogea mbele kuhudumia wateja. Huyu rafiki tulisoma naye shule ya msingi Temeke, tukapoteana, tukaja kukutana tena palepale kaunta. Kila Jumatatu alichukua makopo madogo ya robo lita ya rangi ya mafuta: nyekundu, njano, buluu, nyeupe, nyeusi. Tunasalimiana, tunaulizana hali za wazazi, namwandikia risiti, anakwenda zake. Nilishamweka kwenye fungu la mafundi wa mageti na madirisha ya chuma. Lakini fundi wa mageti hununua lita nne kwa mkupuo, tena za rangi moja. Tofauti hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye vitabu vyangu kwa mwandiko wangu mwenyewe, mwezi baada ya mwezi, na sikuiona.

Siku moja akaja na kipande cha kitambaa kisichozidi kiganja. Alitaka kijani inayofanana na ile iliyokuwa pale. Nikakipokea ili nilinganishe na makopo, na mkononi mwangu nikakuta bawa la ndege. Manyoya yamechorwa moja moja, kila unyoya una ukingo mweupe mwembamba kama uzi wa kushonea, na juu ya kila unyoya kuna vidoti vitatu vya njano vinavyopungua ukubwa kuelekea nchani.

"Hili bawa limetoka wapi?"

"Nimelikata mwenyewe, dada. Picha iliingia maji, nikaokoa bawa."

"Kwani wewe unachora?"

"Ndiyo kazi yangu. Picha za mtindo wa Tingatinga. Mwaka wa tisa huu."

Nilibaki nimeshika lile bawa, foleni ya wateja ikinisubiri. Mwaka wa tisa!

Jumamosi iliyofuata nilipanda daladala ya Masaki nikashuka Morogoro Stores, Oysterbay. Mimi nimezaliwa Dar na kukulia Dar, na pale nilikuwa nikipapita tu dirishani. Picha zimetundikwa kuanzia usawa wa magoti hadi chini ya paa: chui, pundamilia, samaki, ndege wa shingo ndefu, na zile picha za kijiji kizima zenye zahanati, msikiti, mama lishe, mganga na watu wanaogombania basi. Wachoraji wamekaa kwenye vigoda au chini kabisa, kazi imeegemezwa magotini. Kabla sijamwona mtu nilipokewa na harufu ya rangi ya mafuta na mafuta ya taa, harufu ileile ya stoo yetu Gerezani. Nilijisikia kama mtu aliyekuta vitu vya nyumbani kwake katika nyumba ya watu.

Aliyeuanzisha mtindo huu wenyewe wanamwita Mzee. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani kwa Wazungu, na mwaka 1968 akaanza kuchora kwa alichoweza kukipata: vipande vya mraba vya hadibodi, kama sentimita 60 kwa 60, na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Picha zilipata wanunuzi palepale Oysterbay, ambako wageni walikuja kununua mahitaji yao. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu, akafa. Ukihesabu, alichora miaka minne. Vijana aliokuwa amewafundisha, akina January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia, Casper Tedo na Simon Mpata, waliendelea, nao wakafundisha wengine, na mwaka 1990 ukaundwa ushirika wa wachoraji. Habari hizi rafiki yangu alinisimulia huku mkono ukifanya kazi, bila kuinua macho. Nami nilikuwa nawaza jambo moja tu: hadibodi na rangi ya mafuta ni mali ya dukani kwetu. Nimeziandika kwenye leja maelfu ya mara.

Sasa niwaeleze nilichokiona, maana hapa ndipo nilipobadilika.

Kitambaa ni marekani, kimevutwa kwenye fremu ya mbao na kupigiliwa misumari midogo. Rangi ya nyuma huwekwa kwanza. Ile aliyokuwa nayo siku hiyo ilikuwa buluu pembeni na nyeupe katikati, na huwezi kuonyesha kwa kidole mahali buluu inapoishia. Siri yake ni kipande cha sponji ya godoro. Anapaka rangi mbili, kisha zikiwa bado mbichi anazigongagonga pale zinapokutana, taratibu, mpaka zinaingiana. Akichelewa, rangi inaanza kushika na alama za sponji zinabaki hapo milele. Baada ya hapo anasubiri siku nzima, na kama ni masika, mbili. Rangi ya mafuta haina haraka na mtu.

Kisha mti. Kisha mwili wa ndege kwa rangi moja, bila manyoya, bila jicho, kama kivuli cha ndege. Anasubiri tena. Manyoya yanakuja mwisho kwa brashi ambayo ameipunguza nywele kwa wembe mpaka zimebaki chache, unaweza kuzihesabu. Kidole cha mwisho anakiegemeza kwenye kitambaa pakavu ili mkono usitikisike. Nikagundua kwamba anapovuta mstari anazuia pumzi, na mstari ukiisha ndipo anaitoa. Unyoya, pumzi. Unyoya, pumzi. Nami nilijikuta nazuia pamoja naye. Akikosea hakuna kufuta. Ni kuacha pakauke, halafu kupaka upya juu yake, siku nyingine.

Jicho aliliacha mpaka kila kitu kilipokuwa tayari. Kidoti cheupe. Ndani yake kidoti cheusi. Halafu, kwa ncha ya njiti, ndani ya ule weusi akaweka cheupe kidogo kuliko kichwa cha pini, upande mmoja, juu kidogo. Ndege akaniangalia.

Nikamwambia namtaka ndege yule. Kaka yangu alikuwa amehamia kwenye nyumba yake Chanika na sebule bado ilikuwa na kuta tupu. Akasema ukubwa ule anauza elfu themanini. Nami nikasema neno ambalo hapa mjini tunalisema bila hata kufikiri: "Mimi tena? Nifanyie bei ya mshikaji bwana." Alinyamaza. Akapangusa brashi kwenye suruali. "Haya, toa thelathini."

Nikatoa thelathini. Nikashukuru, nikaondoka na picha imefungwa gazeti, moyo umeridhika kabisa.

Jumatatu iliyofuata hakuja dukani. Na ile ya pili pia hakuja. Jumamosi nikaenda tena Oysterbay kuangalia kulikoni, nikamkuta anachora, mzima, mchangamfu vilevile. Alipokwenda kuswali, mzee mmoja aliyekuwa jirani yake akanigeukia. "Mwanangu, wewe ndiye uliyechukua ile ya thelathini?" Hakusema kwa ukali. Aliniambia tu kwamba kijana alikuwa anaazima rangi kwa wenzake wiki ya pili sasa, kijiko kwa huyu, kijiko kwa yule, kwa sababu fedha iliyopatikana haikufikia makopo mapya.

Usiku ule nilikaa na karatasi. Hesabu ndiyo kazi yangu, na ile sikuwa nimeipiga. Fremu na marekani, elfu tisa. Rangi, kwa bei zetu wenyewe za dukani, kama elfu kumi na moja. Nauli ya daladala, kwenda na kurudi kwa siku tano alizoifanyia kazi picha ile, elfu sita. Jumla elfu ishirini na sita. Nilimpa thelathini. Kwa hiyo kwa siku tano za kuzuia pumzi, rafiki yangu alibaki na shilingi 4,000. Kwa siku, mia nane. Sahani ya wali maharage haipatikani kwa hiyo. Na kama ningelipa themanini aliyoitaja, angebaki na 54,000, yaani kama elfu kumi na kitu kwa siku, ambayo ni riziki ya kawaida ya fundi yeyote na wala si utajiri.

Iliniuma. Na kilichoniuma hasa ni kwamba pale dukani, akija mteja nisiyemjua kuomba punguzo la nusu bei kwa kopo la rangi, namwambia moja kwa moja kwamba haiwezekani, mzigo una gharama zake. Dhidi ya mgeni nilikuwa namlinda tajiri wangu. Rafiki nilimkamua mwenyewe, tena kwa jina la urafiki.

Nilimpelekea ile hamsini. Akakataa. "Tumeshamalizana, dada. Biashara iliisha." Sikulazimisha, maana kulazimisha kungekuwa kumvunjia heshima mara ya pili. Nilichofanya ni kumshawishi bosi wetu anunue picha ya ofisini. Tukaagiza kubwa, ya samaki, tukalipa kianzio nusu siku ya kuagiza na nusu siku ya kupokea, bei aliyoitaja yeye, bila neno. Wateja wanaosubiri risiti huitazama muda mrefu. Wawili wameshauliza mchoraji anapatikana wapi.

Tangu hapo kwa kazi ya rafiki nalipa bei kamili, na kama sina, nasema sina na nasubiri nipate. Wapo wanaoniambia urafiki ukifika kwenye fedha unapoa. Mimi naona kinyume chake. Rafiki ndiye anayejua kazi ile imepita wapi, usiku gani umeme ulikatika, mtoto gani aliumwa katikati. Asiyejua ana udhuru.

Yule mzee wa Oysterbay ndiye aliyenisimulia pia habari za George Lilanga. Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii, ilianzishwa hapa Dar mwaka 1972, mwaka uleule aliouawa Tingatinga. Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa 1934, alipata kazi pale ya ulinzi. Alikuwa mchonga vinyago tangu kwao, na akiwa mlinzi akawaonyesha wenyeji wa nyumba ile alichokuwa anachonga. Wakamwingiza ndani. Yale mashetani yake yenye masikio makubwa na matumbo mviringo yakatoka kwenye mti yakahamia kwenye ngozi ya mbuzi na kwenye kitambaa, yakazunguka dunia. Alifariki 2005, na leo kazi zake zinatafutwa na makumbusho. Nilipokuwa narudi nyumbani ile habari ya mlinzi haikunitoka. Watu wangapi walimsalimia getini asubuhi wakaingia zao?

Kwa hiyo nilimuuliza mlinzi wetu. Ni mtu mzima, mtaratibu, na siku zote hubeba kifuko cha kitambaa ambacho nilidhani kina chakula. Akacheka, akakifungua. Ndani kulikuwa na kofia ya mkono iliyoshonwa nusu. Duara ya juu ilikuwa imekamilika, na ule ukanda wa pembeni bado umechorwa kwa penseli tu. Kila tobo kwenye kofia ile hutobolewa kwanza, kisha huzungushiwa uzi mpaka ukingo wake unakuwa mgumu na duara kamili, ndipo anahamia la pili. Yeye hushona saa zake za mapumziko, mchana, maana usiku macho hayamruhusu tena. Kofia moja humchukua miezi minne, mitano. Amekuwa akiniamkua kila siku kwa miaka sita, na kifuko kiko begani.

Nina shoga yangu mmoja naye anachora, ila yeye ni michoro ya vitabu vya watoto. Huyu kipaji chake nilikijua siku nyingi, na hata hivyo nilikuwa sijui lolote la maana. Mwaka fulani shirika moja lilimpa kazi ya kuchora kijitabu cha usafi kwa wanafunzi. Wakalipa, kikachapwa, wakaagana vizuri. Miezi kadhaa baadaye amesimama kituo cha daladala, akamwona mtoto amevaa fulana yenye mchoro wake: yule msichana wake anayenawa mikono, mwenye vidimbwi mashavuni. Kumbe zimechapwa fulana na mikoba, na kwenye makubaliano yao fulana hazikutajwa popote. Aliponipigia simu alikuwa analia, na si kwa ajili ya fedha. Alisema, "Wamemkata kanga." Ili mchoro uenee kifuani mwa fulana, walikuwa wamekata upande wa chini, na msichana akabaki bila kanga aliyofungwa kiunoni, ambayo shoga yangu aliichora kwa siku mbili akifuata kanga ya mama yake.

Tulikaa tukaisoma sheria pamoja, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kitu ambacho wengi wetu hatukijui ni kwamba haki ya msanii inaanza pale kazi inapokuwa imetengenezwa. Kusajili COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunasaidia siku ya kubishana, lakini haki yenyewe haisubiri muhuri. Tukaandika barua ya madai, ya heshima, yenye tarehe na nakala za michoro ya penseli aliyokuwa ameihifadhi. Ilichukua miezi. Mwisho walilipa kiasi, na hawakurudia. Ningeshauri kila mchoraji ahifadhi michoro ya mwanzo, hata ile chafu iliyofutwafutwa. Ndiyo iliyotusimamia.

Siku hizi shoga yangu ana desturi mpya. Mnajua kanga ilivyo: pindo pande zote, mji katikati, na chini ya mji kuna jina, yale maneno yanayosomwa na mtaa mzima. Kila mwanamke anayemchora sasa amevaa kanga, na mahali pa jina la kanga anaandika jina lake mwenyewe kwa herufi ndogo sana. Ukilikata, umekata mchoro.

Hilo lilinifanya nifungue sanduku langu nikazitoa doti zangu zote kitandani. Nilizipitia moja moja. Kuna jina la kanga, kuna jina la kiwanda, kuna namba. Zile za Mombasa za Kaderdina Hajee Essak, duka la tangu 1887, zina herufi K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla, na kila mtu wa pwani anazitambua kwa hayo. La mfanyabiashara lipo. La aliyekaa akabuni lile pindo la mikorosho, aliyeamua korosho ipinde kushoto na jani liende kulia, halipo hata kwenye moja. Nimejifunga kazi za watu wale, nimebebewa mgongoni ndani yake, dada zangu wamepokelewa uchungani kwa hizo, na sitawajua.

Wakati wa Idi nilivuka kwenda Unguja, kwa mama mdogo, Makunduchi. Mama yangu alizaliwa huko. Nilipokuwa mtoto tulipelekwa kila likizo, na mama mdogo alijaribu kunifundisha kusuka ukili, ule mkanda mrefu unaoshonwa kuwa mkeka. Nilisuka siku tatu nikachoka, nikasema vidole vinaniuma, nikaachiwa. Safari hii nilikaa chini nikamtazama jinsi nilivyomtazama yule rafiki yangu na ndege wake.

Ukindu, yaani majani ya mkindu, unaanikwa juani mpaka uwe mweupe. Unaotakiwa rangi huchemshwa sufuriani na rangi ya unga inayouzwa dukani: zambarau, kijani, nyekundu ya damu ya mzee. Kisha unachanwa. Hapo ndipo ustadi unapoanza, kwa sababu chane zikipishana upana, ukili utapinda na mkeka hautalala chini. Mama mdogo hapimi. Anachana kwa ukucha na kisu kidogo, na nilipozipanga chane zake kumi pamoja sikuona iliyozidi. Anazilowesha kidogo, maana zikiwa kavu huvunjika, halafu anaanza, na macho hayarudi tena mkononi. Anamtazama anayezungumza naye, anakaripia kuku, anaitikia salamu ya mpita njia, na ukili unashuka mapajani kama unajisuka wenyewe. Ukitosha, unakunjwa, na siku ya kushona anatoa shazia, sindano kubwa ya mikeka, na kuunga ukingo kwa ukingo.

Nikatoa simu nikaanza kupima muda, ile tabia yangu. Pima moja, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ilichukua kama saa mbili. Mkeka aliokuwa ameumaliza tulihesabu ulikuwa na pima thelathini na nane. Nikamwambia, mama mdogo, hizi ni saa sabini na sita, bado hujaanika, hujapika rangi, hujashona. Yule mchuuzi wa Darajani anakupa kiasi gani? Akanitajia. Nikaanza kumwonyesha kwenye karatasi anavyopunjwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, bei mpandishie, sikukatazi. Kwa huyo mchuuzi sema nae wewe, mie namwonea haya. Lakini hizo saa usizihesabu zote kuwa za mkeka. Hapo nilikuwa nazungumza na wenzangu. Nikikaa bure na mikono mitupu, nazungumza nini?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina la kutosha. Mchuuzi nilizungumza naye na akaongeza. Lakini nimekubali kwamba kuna sehemu ya kazi ile ambayo karatasi yangu haiifikii, na mwenyewe hataki iifikie.

Usiku huo huo nilikuwa namwonyesha picha za watoto wa kaka yangu kwenye simu. Kuna moja wamekaa barazani kwangu, Temeke, wanakula embe. Nilitarajia aulize yupi ni yupi. Akanishika mkono. "Kuza hapo. Hapo chini." Nikaikuza. Akasogeza simu karibu na taa, kimya, muda mrefu.

"Huu mkono wa mama."

Mkeka ule nilipewa na mama yangu nilipohamia chumba changu cha kwanza. Sikuuliza umetoka wapi. Kwangu ulikuwa mkeka wa barazani, wa kukalia watoto wakila embe, unaolala nje juani na mvua ikinyesha mtu akikumbuka ndiyo unaingizwa.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Mama alikuwa mashoto. Tazama ukili unavyolala. Wetu sote unalala huku, wake unalala kule. Makunduchi nzima alikuwa yeye peke yake." Akaiangalia tena. "Akimaliza mkeka alikuwa anaacha chane moja ya zambarau pembeni, mwisho wa ukili, hata kama mkeka wenyewe hauna zambarau. Kaitazame ukirudi. Kama watoto hawajaing'oa."

Bibi alifariki nina miaka minne. Sina sura yake kichwani, na picha yake haipo, si kwangu wala kwa mama.

Nilirudi Dar kwa boti ya asubuhi. Sikupitia dukani. Mkeka ulikuwa palepale barazani, rangi zimepauka upande wa jua, na doa la chai katikati. Nikaupangusa kwa kitambaa chenye maji, nikauingiza ndani, nikaukunjua sakafuni. Pembe ya kwanza ilikuwa imefumuka. Ya pili hakuna kitu. Ya tatu nililazimika kupiga magoti na kuwasha tochi ya simu, maana vumbi la miaka lilikuwa limejaa kwenye mshono. Nikalitoa kwa njiti ya kibiriti, polepole, nimezuia pumzi.

Ipo.